Korona, Subira na Kofi la Mzazi

Mtoto wa miaka minne amemwaga maji mezani. Mwanzoni mwa 2020 angeambiwa alete kitambaa afute, basi. Miezi mitatu baadaye, mzazi yuko kwenye kikao cha mtandaoni, taarifa ya kupunguziwa mshahara ameisoma asubuhi hiyo, na maji yaleyale yanamponza mtoto kofi.

Je, Korona ndiyo iliyowamalizia wazazi subira? Wanaoilaumu wana hoja. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze janga tarehe 11 Machi 2020, shule zilifungwa karibu kila nchi. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokosa masomo darasani. Mzazi akawa mwalimu, mlezi na mfanyakazi kwa wakati mmoja, na bibi wa kumpokea mtoto hata kwa saa mbili hakuruhusiwa kukaribiwa. Msongo ukidumu hivyo, usingizi unakatika na ule uwezo wa kujizuia kabla mkono haujanyanyuka unazidiwa.

Wengine wanasema Korona inasingiziwa. Mwaka 2017, kabla ya virusi hivi kujulikana, UNICEF ilikadiria kwamba watoto milioni 300 hivi wa miaka 2 hadi 4, yaani watatu katika kila wanne, walikuwa wakiadhibiwa mara kwa mara kwa kipigo au kwa maneno makali. Tena wapo wazazi waliolegea kabisa: mtoto akilia, anapewa simu. Wapo pia waliopata muda wa kucheza na watoto wao kwa mara ya kwanza.

Mimi naona msongo haukumfundisha mtu kupiga. Ulimrudisha kwenye alichokizoea, au alicholelewa nacho. Ubaya wake mkubwa ni kigeugeu. Jumatatu mtoto anaruka juu ya kochi, watu wanacheka. Jumanne anaruka tena, anafokewa. Mtoto hajui kosa liko wapi, ila uso wa baba anaanza kuusoma baba akiwa bado mlangoni.

Ukubwa wa tatizo haupimiki kirahisi. Marekani, taarifa za watoto kuteswa zilipungua miezi ya mwanzo, na walioelewa hawakufurahi: walimu ni miongoni mwa watoa taarifa wakubwa, na walikuwa hawawaoni watoto. Japan nayo ilianza kutekeleza sheria ya kuwakataza wazazi kuwachapa watoto Aprili 2020, mwezi uleule ilipotangaza hali ya dharura na kuwaomba watu wabaki majumbani, kwa hiyo athari ya sheria hiyo nayo si rahisi kuitenganisha na ya Korona.