Kizibo cha rejeta kikilika, vunjeni kizibo, msivunje rejeta

Kuna jambo kwenye gereji zetu za Ngamiani, hapa Tanga, limenikera kiasi kwamba wiki hii nimeshindwa kulinyamazia. Toyota IST moja ililetwa kubadilishwa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, basi, hakuna kingine. Kizibo cha plastiki cha kumwagia maji chini ya rejeta kikagoma, bisibisi ikateleza, mfereji wake ukalika mpaka kikabaki kiduara kisicho na pa kushika. Fundi akachukua plaizi. Mwenye gari, mama wa makamo, akauliza kwa upole, "Fundi, si utapasua hiyo?" Akajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, mama, itatoka tu." Kweli ikatoka, pamoja na kipande cha tangi la rejeta. Gari lililoingia likitembea likalala pale, na mama akaanza kupiga simu kutafuta hela ya rejeta.

Mafundi wangu, kizibo kikishalika kimekwisha. Hata kikitoka salama, hakirudi kwenye gari. Sasa kwa nini nguvu zote zinaenda kukitoa kikiwa kizima? Kitu cha kulinda pale ni tangi, na hasa uzi wa kuzungushia ulio ndani ya tangi, ambamo kizibo kimekaa. Tangi lenyewe ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, limebanwa kwenye aluminiamu kwa meno ya aluminiamu hiyo hiyo, na mpira katikati. Likiwa jipya ni gumu. Lakini IST za kwanza zilitoka mwaka 2002, na nyingi ya gari tunazoendesha zimekula miaka Japani kabla hazijaonja joto letu. Plastiki iliyopikwa na kupoa maelfu ya mara inakuwa kama gamba la yai: ukiibana na kuizungusha kwa plaizi, haijipindi, inakatika. Na haikatiki pale unapotaka wewe.

Kwanza kabisa, hakikisheni kizibo kimelika kweli. Kwenye Toyota nyingi kizibo hiki hakikuwekwa ili kitoke chote. Unakilegeza mizunguko kadhaa, maji yanashuka kupitia kimdomo cha pembeni, unakirudisha. Nimeona watu wanaendelea kukizungusha hadi wanaharibu uzi, kumbe maji yalikuwa tayari yanatoka.

Kama kimelika, achaneni nacho kwa muda. Gari ipoe hadi uweze kushika rejeta kwa kiganja. Kofia ya rejeta imeandikwa 0.9 au 1.1 kwa sababu maji yale yanakaa kwenye mgandamizo, na mgandamizo ule ndio unaoyafanya yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yakiwa moto yanakurukia usoni. Ikishapoa, legeza kibano cha paipu ya chini ya rejeta, chomoa paipu taratibu, maji yote yashukie kwenye beseni. Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira: kazi aliyoilipia yule mama ilikuwa imeishia hapo! Kulanti ya zamani ingetoka, mpya ingeingia, kizibo kingebaki mahali pake hakivuji, naye angekwenda zake nyumbani. Kizibo kilicholika kichwa lakini kimeziba vizuri si dharura hata kidogo.

Kama kinavuja na lazima kitoke, basi kiharibuni kwa akili. Pasha bisibisi bapa kwenye moto, igandamize katikati ya kizibo hadi iyeyushe mfereji mpya, kisha subiri ipoe kabisa humo humo. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Ukizungusha plastiki ikingali laini umefuta ulichochonga. Ikishapoa, zungusha polepole huku ukisukuma kidogo kwa ndani, halafu ukivuta uzi ukianza kuachia. Kama kichwa kimejitokeza, kipande cha msumeno wa chuma kinachonga mfereji kama huo bila moto.

Ikishindikana, toboa katikati kwa biti nyembamba ya drili, kwa mkono kama unaweza, kisha ingiza skrubu ya kufungia mbao na uitumie kuvuta. La mwisho ni kupanua tundu kidogo kidogo hadi kizibo kibaki ganda jembamba, unalikunja kwa ndani na kulitoa vipande vipande. Uzi wa tangi usiguswe. Vipande vilivyoangukia ndani vioshwe kwa maji mengi kupitia paipu iliyochomolewa. Kama ni kizibo cha sampo ya plastiki (bakuli la oili chini ya injini), kama zile za baadhi ya injini za Volkswagen na Ford, paka grisi kwenye biti ili mabaki yanate, maana huko ndani kuna oili inayokwenda kwenye pampu. Tena vile vya Volkswagen vimetengenezwa vitupwe kila unapomwaga oili. Kukirudisha cha zamani ndiko kunakozaa uvujaji.

Mafuta ya kulegezea kutu hayasaidii hapa, plastiki haishiki kutu. Kinachoshika ni oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, iliyokauka na magadi ya maji ya kisima cha chumvi ambayo watu wanaendelea kuyamimina kwenye rejeta. Petroli na oili huvimbisha mpira wa aina hiyo. Oringi mpya ilowesheni kwa kulanti, kizibo kipya mkikaze kwa vidole, kisha robo tu ya nguvu ya mkono.

Najua fundi analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa, na nje kuna Noah mbili zinasubiri. Najua pia sisi wenye gari tunasimama juu ya kichwa chake tukiuliza "bado tu?" Hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu dakika kumi za kusubiri bisibisi ipoe hazijawahi kumfukuza mteja, na rejeta lililopasuka limewafukuza wengi. Mtu anayepanda Mombo kwenda Lushoto na tangi lililozibwa kwa gundi atachemsha gari kwenye kona za Soni, gasketi ya silinda hedi iungue, na pale hapatakuwa na fundi wa kumwambia asiwe na wasiwasi.

Na ile kulanti ya zamani, tafadhali, isimwagwe mtaroni. Ni sumu yenye ladha tamu. Mbuzi, paka na watoto wa mtaani kwetu hawajui tofauti.

Kilichobaki ni spea. Wauza spea wengi wanakwambia kizibo hakiuzwi peke yake, chukua rejeta zima. Lakini kila mwezi marejeta yaliyotoboka yanakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na vizibo vyake vizima vimekaa humo. Vitoeni kabla hayajapimwa kilo, vitieni kwenye kopo, muandike juu ni vya gari gani. Gereji yenye kopo hilo nitaipelekea gari langu, na nitawaambia na ndugu zangu wa Muheza na Pangani walete ya kwao.