Namba ya Umri Haitoshi
Kinachonikera ninapomchagulia mtoto katuni iliyotokana na mchezo wa video ni ile alama ndogo ya umri inayojitokeza pembeni mwa skrini kwa sekunde chache na kutoweka kabla sijaisoma. Hata nikiiwahi, hainiambii ninachotaka kujua. Mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo ya video kwa umri, PEGI, wenye ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18, hupima mchezo wenyewe wala si katuni yake, kwa hiyo mzazi anayeipima katuni kwa kipimo cha mchezo anabahatisha tu. Castlevania ulianza kama mchezo mwaka 1986, lakini katuni yake ya mwaka 2017 imejaa damu na ni ya watu wazima, ingawa mtoto akiona michoro hudhani ni yake. Tena katika michezo mingi adui akipigwa hufifia na kutoweka, ilhali katika katuni hupewa jina, uso na kilio. Kilio cha namna hiyo ndicho kilichomfanya mwanangu wa miaka sita ajifunike blanketi hadi puani. Nataka mstari mmoja tu unaosema wazi kilichomo, badala ya kuachiwa nitazame sehemu zote usiku, watoto wakiwa wamelala.