Mashini Inayoumwa Nyumbani Tu

Kompyuta yangu ilizimika mara ya kwanza nikichapa ukurasa wa 43. Haikuonya, haikuandika neno lolote kwenye ekrani. Ilisema "tik", kukawa giza. Kazi yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi wa uchumi aliyekuwa anamaliza masomo, ananilipa kwa ukurasa, nami nilikuwa sijahifadhi kitu tangu ukurasa wa 31. Kurasa 12 za mfumuko wa bei zikaenda na maji.

Kilichonichanganya ni kwamba taa ya sebuleni ilikuwa bado inawaka. Sisi wa Majengo, hapa Goma, umeme ukienda hatuhitaji kuambiwa: mtaa mzima unaguna pamoja, na ukirudi watoto wanashangilia kama timu imefunga bao. Jioni ile hakuna aliyeguna. Taa ilikuwa imefifia kidogo, lakini ni taa gani ya mtaani kwetu isiyofifia jioni?

Nikabonyeza tena. Feni ikazunguka nusu duara, ikasita kama mtu aliyesahau alichofuata, ikasimama.

"Papa Mapasa, tuite fundi?" mke wangu akauliza.

"Fundi wa nini? Ni vumbi hilo."

Vumbi halikuwa wazo baya. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Ule uji wa moto ulioteremka tarehe 17 Januari 2002 ukapita katikati ya mji hadi ziwani, leo ndio kuta za nyumba zetu, na vumbi lake jeusi tunalila, tunalilalia, tunalifua. Nikafungua boksi sakafuni, misumari ya parafujo nikaiweka kwenye kisahani ili isipotee (ikapotea miwili). Ndani, zile mbavu za bati zinazopoza moyo wa mashini zilikuwa zimezibwa na blanketi jeusi kabisa. Mende wawili wakatoka bila haraka, kama wapangaji waliolipa miezi sita mbele.

Nilisugua kwa brashi ya rangi. Nikapuliza kwa mdomo, na hapo ndipo nilipokosea, maana vumbi lote lilinirudia usoni. Mapacha wakanicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi. Nikachomoa bareti mbili za memori, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nikazisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha shule cha mapacha, nikazirudisha mpaka zikalia "ka". Saa tatu na nusu usiku nikabonyeza. Ikawaka! Nikaenda kulala shujaa.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni, ukurasa wa 40: tik.

Basi, kwa fundi, mtaa wa Birere. Nilikodi chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, boksi nikalifunga kwa kitenge cha mke wangu lisipate mikwaruzo. Chukudu ikishuka kutoka Majengo haina mchezo. Breki yake ni kipande cha tairi nyuma, dereva anakikanyaga kwa mguu huku anapiga kelele watu wapishe. Mimi nakimbia nyuma na pikipiki zinanikwepa. Mama mmoja alipoona kile kifurushi cha kitenge, na mimi nyuma yake nahema na macho mekundu, alisimama akafanya ishara ya msalaba.

Fundi akachomeka. Mashini ikawaka palepale, kwa afya tele, kama mtoto anayelia usiku kucha kisha mbele ya daktari anacheka. Aliiacha saa mbili inapiga muziki.

"Hii ni nzima, Mzee."

"Nyumbani inakufa."

Akanitazama kwa huruma. Dola 5 za kuangalia. Nikampa noti, akaiinua juani, akapata mpasuko mdogo kama kope ya siafu, akanirudishia. Nikatoa nyingine.

Jioni: tik.

Safari ya pili akasema alimantasyo imechoka, lile boksi dogo la nyuma linaloingiza umeme. Akabadilisha, dola 20. Akanionyesha na kale kaswichi kekundu ka nyuma, 115 na 230, akaniapisha nisikaguse. Ukikaweka 115 kwenye umeme wetu wa 220, kitu kinalipuka "paa!" kama risasi, na hapa Goma sauti hiyo mtu haisubirii maelezo, yeye aliwahi kukosea hivyo, akainua kichwa na wateja wote wako chini ya meza.

Nyumbani, saa kumi na mbili na robo: tik.

Sasa majirani wakaanza kuwa na maoni. Mmoja akapendekeza maombi. Hata Mama Mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Rutshuru wiki ile kuwaona mapacha, alinitumia salamu zake kutoka uani: "Pole sana, mukwe wangu. Vitu vya kizungu havina adabu." Nikaitikia nimeangalia ukuta. Mimi na yeye ni watu wa heshima: nilipo sebuleni yeye yuko uani, akiingia jikoni mimi natokea mlango wa mbele. Kwa hiyo huko uani nilikuwa sijakanyaga tangu afike.

Mara ya tatu nilimbembeleza fundi aje mwenyewe. Alikuja saa kumi alasiri na testeri yake, akachomeka ncha mbili kwenye prizi ya ukutani: volti 214. "Umeme mzuri huu," akasema. Mashini inafanya kazi. Tukanywa chai. Tukamaliza chai. Nikaanza kuona aibu kwamba haifi.

Saa kumi na mbili kasoro, huko nyuma ukasikika mfuniko wa sufuria, mzito. Testeri ikashuka 190, ikashuka 163. Taa ikawa na rangi ya chai tuliyokunywa. Tik.

Fundi hakusema kitu. Alifuata ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, kwa kidole, kutoka nyuma ya kabati, ikapita dirishani, ikatokea uani. Mimi nikabaki dirishani kwa sababu ya heshima, lakini nikachungulia. Mwisho wa ralonji palikuwa na resho, jiko la umeme la sahani mbili, imekuwa nyekundu kama Nyiragongo usiku, na juu yake sufuria ya maharage ya kulisha harusi. Makaa yalikuwa yamepanda bei; Mama aliamua kutupunguzia matumizi.

"Hiyo resho inavuta labda wati 2,000," fundi akanong'ona, "na waya wenu kutoka kwenye nguzo umeungwa mara tatu kwa plastiki. Volti zikianguka hivyo, alimantasyo inajizima yenyewe. Ile ya zamani pia ilikuwa nzima." Akafikiri kidogo. "Ila hiyo siwezi kukurudishia."

"Mwambie Mama basi."

"Mzee, hiyo haimo kwenye bei."

Mimi siwezi kumwambia mama mkwe asipike. Tukamtuma mke wangu. Alikaa huko muda, tukasikia sauti ya Mama ikipanda, kisha kicheko. Aliporudi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Anasema afadhali umeanza wewe. Anasema wiki nzima, kila ukiwasha hiyo televisheni yako ya kuandikia, resho yake inapoa, maharage yanaiva usiku wa manane. Alinyamaza kwa sababu wewe ni mukwe."

"Sasa zile pole alizokuwa ananipa kila jioni?"

"Alikuwa anamshukuru Mungu kwanza, halafu ndiyo anakupa pole."