Kesi za uzazi: tupate faili kwanza, fidia baadaye

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, kule Bungoma, iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ikatamka kwamba serikali ikishindwa kuwapa wajawazito huduma za msingi inavunja katiba, na familia zilizofiwa zikapewa fidia. Kwetu Dodoma watu hawasimulii hukumu za aina hiyo. Wanachosimulia ni malalamiko. Kaa kidogo na ndugu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi, iwe mjini, Kondoa au Mpwapwa, utayasikia: walimchelewesha, tuliambiwa njia haijafunguka, tulipouliza tukafokewa. Mengi yanaishia hapo hapo nje ya wodi.

Wanaotaka kesi za uzembe wa uzazi dhidi ya hospitali ziongezeke Tanzania nao wana hoja nzito. Mtoto aliyepata mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo, dawa za degedege na mtu wa kumbeba kila siku, na mara nyingi mtu huyo ni mama aliyeacha genge lake au shamba lake. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumfutia daktari usajili, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwajibisha mkunga. Ni sawa, lakini adhabu hiyo hainunui hata pempasi. Anayeweza kumwamuru mdaiwa alipe ni hakimu au jaji.

Shida ni njia ya kumfikia huyo jaji. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki serikali, halmashauri ikiwemo, lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi aifungue Mahakama Kuu. Kwa hiyo mama aliyeumizwa kwenye zahanati ya Chemba hawezi kuanzia mahakama ya wilaya. Safari yake ni mjini na wakili wake ni wa mjini. Hospitali ya kanisa ina utaratibu mwepesi kidogo, isipokuwa pale mkunga anapokuwa mwajiriwa wa halmashauri aliyeazimwa kwenye jengo la dayosisi. Hapo mawakili wanaweza kubishana miezi kadhaa kuhusu nani hasa ni mwajiri. Na madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, ingawa kwa madai ya mtoto mwenyewe muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe umri wa mtu mzima. Familia nyingi hazijui nafuu hii. Zinakata tamaa mwaka wa nne.

Hata hivyo, ninavyoona mimi, kesi nyingi hukwama kabla ya kufika huko. Zinakwama kwenye karatasi moja inayoitwa patografu.

Patografu ndiyo inayosimulia usiku wa uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na njia hupimwa takriban kila saa nne. Kwenye fomu iliyozoeleka kuna mstari wa tahadhari, na mbele yake kwa saa nne kuna mstari wa kuchukua hatua. Alama zikiuvuka, mtu anatakiwa afanye jambo: aite daktari, aandae upasuaji, au apige 115 ili gari la m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, lije. Ikijazwa vizuri, humsaidia mkunga aliyefanya kazi yake na humuumbua aliyelala. Tatizo ni ile inayojazwa asubuhi, mtoto akiwa tayari amezaliwa. Ukiishika utaijua: kalamu moja, mwandiko uliotulia, mapigo 140, 140, 142 usiku kucha, kana kwamba mtoto naye alikuwa amepumzika. Wakunga wenyewe wanaijua, na wanaitania.

Anayehukumu haraka kwamba huo ni ujambazi afikirie zamu yenyewe. Mkunga mmoja, wanawake wanne kwenye uchungu, mmoja anatoka damu, mwingine kifafa cha mimba kimemwanza. Mikono miwili hiyo haiwezi kuzuia damu na kuchora alama kwa wakati mmoja. Na ni wakunga hao hao walio nyuma ya takwimu tunazojivunia: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Hofu ya kesi ikiwaingia watajilinda. Kituo kidogo kitatoa rufaa hata kwa asiyehitaji, na upasuaji usio wa lazima utaongezeka. Vikao vya kutathmini vifo vya uzazi, ambavyo vinategemea watu kusema ukweli bila kutafutana lawama, vitageuka vikao vya watu walionyamaza.

Hoja ya madaktari kuhusu chanzo nayo isidharauliwe. Tafiti za nchi tajiri zinaonyesha kuwa ni sehemu ndogo tu ya watoto wenye mtindio wa ubongo waliodhurika kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine tatizo lilianza tumboni, au walizaliwa njiti, au walipata maambukizi. Kwetu, ambako mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, bado anachelewa kufika kwenye chumba cha upasuaji, uwiano huo bila shaka si ule ule, lakini mtoto mmoja mmoja lazima athibitishiwe. Athibitishe nani? Daktari bingwa, dhidi ya daktari bingwa mwenzake aliyesoma naye.

Afrika Kusini imeonyesha hatari ya kuachia mahakama peke yake. Madai dhidi ya idara za afya za majimbo, mengi ya watoto wenye mtindio wa ubongo, yamefika mabilioni ya randi, na yanalipwa kutoka mfuko ule ule unaoajiri wakunga. Japani ilichagua njia nyingine mwaka 2009: mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa aina hiyo unaohusiana na kuzaliwa hulipwa yeni milioni 30 bila kubishania kosa ni la nani, kisha wataalamu huchunguza kilichotokea na kuikabidhi familia ripoti.

Wanaopendekeza mfuko wa fidia kwa Tanzania hupenda nusu ya kwanza ya mfano huo. Mimi nashikilia ile ya pili. Mfuko usiotoa maelezo utakuwa bahasha ya kumnyamazisha mama, na kesi isiyo na faili ni bahati nasibu. Kwa hiyo jambo la kwanza kulidai halihitaji mfuko wala jaji: mama anaporuhusiwa, au ndugu wanapochukua mwili, wapewe nakala ya patografu, maelezo ya upasuaji na muda ambao gari la rufaa liliitwa, siku hiyo hiyo, bila kupitia kwa mganga mkuu na bila kuulizwa wanaitakia nini. Kadi ya kliniki tayari mama anaibeba mwenyewe kwa miezi yote ya ujauzito, anaitunza kwenye mfuko wa plastiki isilowane. Sioni kwa nini ukurasa wa usiku mmoja wa mwisho ufungiwe kabatini.