Kabla ya Kuwafungia Waosha Magari wa Nakuru

Kila mwaka Januari ikianza kuchoma, Nakuru huzuka hoja ileile. Mgao wa maji umekaza, mabomba ya mitaa ya Kaptembwo na Rhonda yanakoroma hewa tupu, na kando ya barabara kijana ameshika mpira anaosha matatu iliyooshwa jana tu. Fungeni hizo sehemu za kuosha magari, watu husema, angalau mpaka masika. Ni hoja inayoeleweka. Mama anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni hawezi kuona maji yakitiririka mtaroni akanyamaza.

Wanaosema hivyo wana hesabu pia. Mpira wa kawaida wenye presha nzuri hutoa kati ya lita 10 na 20 kwa dakika. Ukiachwa ukitiririka dakika 10 huku kijana akisugua magurudumu, zimekwenda kama lita 150, yaani mitungi saba na nusu kwa gari moja. Magari 20 kwa siku ni lita 3,000. Na kuna zito kuliko lita: mji huu umekaa kwenye bonde ambalo maji yake hayana pa kutokea. Yanayoshuka kutoka mjini mwisho wake ni Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto hata mmoja unaotoka. Oili na grisi iliyooshwa kwenye injini huelekea hukohuko kama hakuna shimo la kuinasa. Kwa hilo sina ubishi.

Ubishi wangu unaanzia pale tunapoamini kwamba kufunga vituo hivyo kutarudisha maji Kaptembwo.

Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, hutoa ripoti ya kampuni za maji za kaunti, na kwa miaka kadhaa sasa kuna tarakimu moja ambayo haijasogea mbali na asilimia 45. Kati ya kila lita 100 zinazoingizwa kwenye mabomba nchini, takriban 45 hazilipiwi na mtu. Bodi yenyewe haivumilii hasara iliyopita asilimia 25. Tusidhani kwamba lita zote 45 zimemwagika ardhini. Nyingine zimenywewa na mtu aliyejiunganishia usiku, nyingine zimepita kwenye mita iliyozeeka inayohesabu robo tatu ya ukweli, na nyingine ndizo zile zinazobubujika barabarani wiki nzima huku kila mpita njia akidhani mwenzake ameshapiga simu.

Tuseme, kwa mfano tu, biashara zote za mji zinatumia lita 20 kati ya hizo 55 zinazolipiwa. Tuseme tena kwamba kuanzia hoteli hadi kinyozi, zote zinatii na kupunguza theluthi moja. Tumeokoa lita zisizofika 7. Kampuni ya maji ikishusha hasara kutoka 45 hadi kiwango cha bodi, imeokoa 20, na hakuna kijana aliyepoteza kazi. Waosha magari ni sehemu ndogo ya zile 7. Hesabu hii imeniganda kichwani, nakiri, na ndiyo hunifanya nisimame upande wao kila mjadala huu unapoanza. Wana bahati mbaya moja kubwa: kazi yao inafanyika hadharani.

Tazama basi zinazofanyika ndani. Choo cha zamani cha nyumba ya wageni humwaga lita 9 au zaidi kila kinapovutwa, wakati tenki la kisasa lenye vitufe viwili humwaga 3 au 6. Nyumba ya vyumba 50, kila choo kikivutwa mara sita kwa siku, hutumia lita 2,700 kwa matenki ya lita 9. Hata kwa kitufe kikubwa peke yake, tenki jipya lingetumia 1,800. Tofauti ya lita 900 kila siku, na mgeni hajahisi lolote. Tena hapo sijagusa tenki lenye mpira uliolegea, linalovuja kimyakimya mchana na usiku. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde peke yake hufikisha lita 20 kwa siku. Nani amewahi kuandamana kwa sababu ya choo cha hoteli?

Halafu kuna ploti zetu. Jengo moja, mita moja, wapangaji wanane: saluni, hoteli ya chapati, dobi, duka la simu, na wengine. Bili inaingia kwa mwenye jengo, naye ameshaipachika kwenye kodi. Mwenye saluni akifunga bomba vizuri hapati hata shilingi. Akiliacha wazi hapotezi kitu. Mtu huyo ukimpa semina ya kuhifadhi maji atakusikiliza kwa adabu, atakunywa soda yako, kisha atarudi kuosha nywele kama kawaida. Mwosha magari anayenunua maji ya bauza au ya mkokoteni kiangazi kinapokaza hahitaji semina. Kila ndoo ni pesa iliyomtoka mfukoni, na utamwona analowesha gari kwa ndoo moja, anasuuza kwa nyingine, basi. Yule mwenye mpira wa bure ndiye wa kushughulikiwa, na dawa yake si ghali. Bastola ya kufunga maji mwishoni mwa mpira huzuia maji kutiririka bure wakati wa kusugua. Mashine ya presha hutumia lita 6 hadi 10 kwa dakika na humaliza gari haraka. Ikifanya kazi dakika tano kwa lita 8, gari limeoshwa kwa lita 40 badala ya 150.

Lita pekee, hata hivyo, zinaweza kutupotosha. Huko Kisumu wapo vijana wanaoingiza magari ufukweni na kuyaoshea ziwani. Kwa hesabu ya mita za KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, hawajatumia hata tone, ni watakatifu wa uhifadhi. Lakini oili imeingia moja kwa moja katika ziwa ambalo mji huohuo unachota maji yake pale Dunga na kuyasafisha kwa gharama. Nikilazimishwa kufunga kituo kimoja Kenya nzima, ningeanza na kile kisichotumia maji ya bomba.

Nakuru nayo ina jambo lake ambalo wapangaji wa mji hawalitumii vya kutosha. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floraidi kupita kikomo cha maji ya kunywa, miligramu 1.5 kwa lita. Wazaliwa wa hapa tunakijua kilichofanya meno yawe ya kahawia. Gari halina meno. Maji ya kisima chenye floraidi yanafaa kabisa kuosha lori, kumwagilia ua wa hoteli au kuvuta choo, na maji laini yanayotoka juu, kama ya mto Turasha, yakabaki ya kunywa na kupikia. Mvua vilevile: paa la mita za mraba 200 hupokea lita 200 kwa kila milimita moja ya mvua, na mji huu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Gereji yenye paa la mabati na tenki moja kubwa imejiandalia maji ya miezi ya mvua na wiki za mwanzo za ukame. Kiangazi chote haitakimaliza, tusidanganyane.

Hapa wale wa upande wa pili wananibana, na wananibana vizuri. Wanasema: ukisifu visima unawapa hoteli kubwa kisingizio. Hoteli ikichimba kisima chake hujitangaza kuwa rafiki wa mazingira, kumbe imehamisha bomba tu. Maji ya chini ni ya wote, na anayevuta kwa pampu kubwa anamkaushia jirani. Isitoshe, kampuni ya maji hutoza bei ya juu kwa mtumiaji mkubwa ili mwenye bomba moja alipe kidogo. Wateja wakubwa wakihama, kiosko cha maji cha Rhonda ndicho kinachopandishiwa bei. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha kuvuta maji kwa biashara, lakini kibali bila mtu wa kuja kusoma mita ni karatasi kwenye fremu. Nakubali hoja hii karibu yote. Inanisogeza hadi hapa: kisima kiruhusiwe kikiwa na mita inayosomwa na kulipiwa, kwa mwosha magari na kwa hoteli ya nyota nne sawasawa.

Wanaongoja mabwawa watangoja sana. Itare, lililokusudiwa kumaliza kiu ya mji huu, lilikwama huko Kuresoi mwaka 2018 mkandarasi wake wa Italia alipoingia katika matatizo ya fedha.

Kwa hiyo kaunti ikitaka kuweka sharti katika kibali cha biashara, na iweke. Sehemu ya kuosha magari iwe na sakafu ya saruji, shimo la kutulizia matope na kinasa-oili, na maji yaliyotulia yaoshee magurudumu ya gari linalofuata. Siku hiyohiyo, ploti yenye wapangaji wanane iwe na mita nane. Sharti la kwanza litapita bila kelele, maana waosha magari hawana wakili. La pili litapingwa na wenye majengo kabla wino haujakauka, na baadhi ya wenye majengo hukaa kwenye bunge la kaunti.