Mama Asha Wawili

Nilipokuwa mwaka wa pili wa stashahada ya kompyuta, shangazi yangu alinitupia daftari la madeni ya duka lake. "Si unasoma kompyuta wewe? Haya, nitilie humo." Ana duka la rejareja Tandika, anakopesha unga, mafuta ya kupima na sabuni za mche, na daftari lenyewe lilikuwa limekatwakatwa kwa wino wa rangi tatu. Baada ya siku nne nikampelekea programu: unaandika jina la mteja, unaandika alichokopa, kompyuta inajumlisha. Jina la mteja ndilo nililolifanya ufunguo wa jedwali, yaani kitambulisho cha kumtofautisha mteja mmoja na mwingine.

Wiki ya pili akaja Mama Asha wa karibu na msikiti, akaambiwa anadaiwa shilingi 41,500. Yeye alikopa unga kilo mbili tu. Deni lililobaki lilikuwa la Mama Asha mwingine, wa nyuma ya gereji. Programu yangu haikulalamika hata mara moja. Kwake Mama Asha alikuwa mmoja, ila anakopa sana.

Tangu siku ile nayatazama kwa jicho la mashaka mafunzo ya vyuo vyetu. Sisi programu tulifanyia mtihani kwa kalamu na karatasi, lugha ya C, na ukisahau nuktamkato (;) mwishoni mwa amri alama inakatwa. Sasa, nuktamkato ni kosa linalopiga kelele. Kompyuta yenyewe itakukatalia papo hapo na kukutajia mstari. Kosa la kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kama lile jedwali langu, mara nyingi hunyamaza. Linakaa kimya miezi, linajumlisha, linachapisha ripoti nzuri, mpaka siku mama wa watu anasimama mbele ya kaunta akiapa. Na sisi tulipewa alama kwa kuogopa lile la kelele.

Wazo la kupanga data katika majedwali lilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, na katika wazo hilo kila mstari wa jedwali hutambulika kwa ufunguo wake. Tulilikariri. Kanuni za kupanga majedwali, umbo la kwanza, la pili, la tatu, tulizighani kama shairi. Lakini mifano yote ilikuwa ya wafanyakazi na idara zao, kila mtu na jina lake kamili, hakuna anayegongana na mwenzake. Hakuna aliyetuuliza itakuwaje katika mtaa ambao mama huitwa kwa jina la mwanawe.

Somo la mitandao lilikuwa na nafuu kwa sababu mikono ilifanya kazi. Mpaka leo naweza kuzipanga nyaya nane za kebo ya mtandao nikiwa nusu usingizini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea, kifaa cha kupimia kinakuumbua hapohapo. Ila hata huku kuna makosa ya kimya. Barakoa ya mtandao ni namba inayoiambia mashine zipi ni jirani zake; mweke mtu mmoja barakoa ya 255.255.255.192 na wenzake 255.255.255.0, uone mashine yake inavyoonana na baadhi na kuwakosa wengine, na kila mtu anaapa waya ni mzima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba masomo haya matatu yalikuwa na walimu watatu ambao sikuwahi kuwasikia wakitajana. Chukua kitu tunachokitumia kila siku: pesa ya simu kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008, kwa hiyo hakuna mwanafunzi asiyeijua. Salio la mtumaji lipungue, la mpokeaji liongezeke, na mawasiliano yakikatika katikati, ama yote mawili yawe yametendeka ama lisitendeke hata moja. Hapo kuna kanzidata, kuna mtandao, kuna programu. Kazi ya namna hiyo isiyogawanyika ndiyo huitwa muamala, na sisi tuliusoma kama fasili ya kujaza kwenye mtihani.

Mimi ningempa kila mwanafunzi daftari halisi la mtu halisi tangu muhula wa kwanza: la duka, la kikoba, la zahanati. Na mwenye daftari awe na sauti katika alama. Najua nitaambiwa kompyuta ni chache, na kweli sisi tulikuwa watatu kwa mashine moja. Lakini kugundua kwamba kuna Mama Asha wawili hakuhitaji umeme.

Mimi mwenyewe sikugundua haraka. Kwanza nilitumia namba ya simu kuwa ufunguo, nikakutana na mama na bintiye wanaotumia laini moja. Hatimaye nikampa kila mteja namba ya ndani isiyoonekana, na kwenye kioo shangazi akachagua majina mwenyewe: Mama Asha Msikitini, Mama Asha Gereji. Hivyo ndivyo alivyokuwa ameyaandika kwenye daftari lake tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeona "Msikitini" ni maneno ya ziada, nikayafuta.