26 Hii na 26 Ile

Mimi hesabu sikuisoma sana, lakini kwamba 29 inaizidi 27, hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Walioandika namba kwenye matairi ya baiskeli hawalijui.

Hapa Tanga baiskeli si mchezo wa watoto. Ndiyo inayokufikisha kazini, sokoni na msibani. Yangu ni mtumba wa Japani, ina kikapu mbele, na wanaokicheka kikapu ndio hao hao wanaokuja kuiazima. Tairi la nyuma lilipoanza kutoa nyuzi, nikashuka Ngamiani. Ubavuni limeandikwa 26, muuzaji akaniletea 26. "Kaka, 26 ni 26," akasema, tena kwa kiapo.

Halikupanda. Tulilivuta mimi na fundi, akaongezeka kijana wa bodaboda aliyekuwa akitucheka, likagoma. Fundi, mzee wa watu, akavaa miwani akalisoma.

"Mwanangu, hili la baiskeli za milimani."

"Mzee wangu, milima si iko Lushoto?"

Akanionyesha namba nyingine, zile ndogo za ubavuni ambazo huzioni mpaka upanguse tope. Langu la zamani: 37-590. Jipya: 50-559. Ya kwanza ni unene kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Zimepungua milimita 31, na waya wa tairi hauvutiki hata mkija ukoo mzima.

Nikamuuliza, sasa hiyo 26 ni ya nini? Eti zamani inchi zilipimwa kwa nje, tairi likiwa limejaa upepo. Tairi nene likitaka kufika 26 linadai ringi ndogo, jembamba linadai kubwa. Yaani wamempima mtu kimo pamoja na kofia aliyovaa! Baadaye unene ukabadilika, ringi zikabaki na majina yale yale.

Na mzee akishaanza hanyamazi. 27 ya baiskeli za mbio za zamani, ringi yake ni 630. 29 ya milimani ni 622, sawasawa na 28 nyingi za Ulaya. Lakini 28 ya zile baiskeli nyeusi za wazee wetu, ile yenye unene wa inchi moja na nusu, ni 635. Halafu 27.5 ni 584, maana yake 26 yangu inaizidi! Kuna 26 x 1.75 na kuna 26 x 1¾. Mwalimu wangu wa hesabu angekuchapa ukisema ni vitu viwili. Kwenye ringi, ya kwanza ni 559, ya pili 571. Nani wa kuchapwa hapo?

Wangekuja Ngamiani wakajifunza. Barabara zetu zina namba, na ukiivuka ya 12 unaikuta ya 13, bila madesimali.

Husemwa Tanga ni waja leo waondoka leo. Tairi hili limekuja, kuondoka halitaki. Muuzaji wala hakufungua mdomo, alininyooshea kidole karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Jirani yangu kaliona barazani, anataka kulichukua kwa nusu bei, eti baiskeli yake nayo ni 26. Nimempa kitambaa, aende kwanza akapanguse tope.